Shemeji yangu wa Dallas na rundo la magazeti ya muguka

Bila shaka umewahi kuyasikia malalamiko haya, na pengine wewe mwenyewe umeyatoa ukiwa ndani ya matatu au kwa kinyozi: "Gazeti hili linatuonea sisi!" Jirani yako naye, akiwa na gazeti lilo hilo mkononi, ataapa kwamba linawapendelea. Nyote wawili mmesoma ukurasa mmoja. Je, ni nani kati yenu anayesema kweli? Na ukiambiwa uthibitishe madai yako mbele ya watu wasiokujua wala kukupenda, utathibitishaje?

Mimi nimekula mkate wa magazeti kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kupata jibu la kuridhisha. Chuo cha uandishi kilinipa diploma na kunifunza namna ya kuandika habari, lakini hakikunifunza namna ya kuzipima habari zikiwa zimekwisha kuandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Aliyenifunza hilo ni mdogo wa mke wangu, ambaye anaishi Dallas. Usinikimbilie, msomaji. Dallas ninayoisema si ile ya Texas alikouawa Rais John Kennedy mwaka 1963. Hii ni Dallas ya mji wa Embu, mtaa wa watu wa kawaida, wenye nyumba za kupanga, vioski, watoto wanaocheza mpira wa karatasi na majirani wanaojua umepika nini kabla hujaepua.

Shemeji yangu ni mwalimu katika chuo fulani na ni mama wa watoto wawili. Ana shahada ya uzamili, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanzia. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni zilizowataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu, na wakapewa hadi mwaka 2018. Muda huo ulipita huku wengi wakiwa bado hawajaipata, ila shinikizo halikupita. Asiye na uzamifu husimama pale pale mwaka nenda mwaka rudi, akitazama waliomkuta kazini wakipandishwa cheo mbele yake. Kwa hivyo mwaka 2021 alijiandikisha katika masomo ya sayansi ya jamii. Swali alilochagua lilikuwa hili: magazeti ya Kiswahili yameandika nini kuhusu miraa na muguka tangu mwaka 2013, na yameandikaje?

Kabla hujasema kwamba hilo ni swali jepesi, kumbuka yaliyotokea katika miaka hiyo. Uingereza ilipiga marufuku miraa kuanzia Juni 24, 2014, na wakulima wa Igembe kule Meru wakapoteza soko lililokuwa likipokea shehena zao kwa ndege. Mwaka 2016 sheria ya mazao ilirekebishwa ili miraa itambuliwe kuwa zao la biashara. Kanuni za mwaka 2023 zikaitaja muguka pia. Halafu Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa akapiga marufuku muguka katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais William Ruto akatangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu mbele ya sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Wazazi wa pwani walisema watoto wao wanaharibika. Wakulima wa Mbeere nao walisema watoto wao watafukuzwa shule kwa kukosa karo. Wote walikuwa wakizungumzia jani moja.

Na mmoja wa wakulima hao ni baba mkwe wangu. Shamba lake liko upande wa Kiritiri, mahali ambapo mvua huja ikitaka na mahindi hukauka yakiwa na kimo cha goti. Muguka haimsubirishi mtu msimu mzima. Huchumwa mara kwa mara, ikapakiwa upesi na kukimbizwa sokoni kabla haijanyauka, na pesa hurudi siku hiyo hiyo. Pesa hizo ndizo zilizomsomesha mke wangu, na ndizo zilizokuwa zikimlipia shemeji yangu karo ya uzamifu. Kwa maneno mengine, msomaji, muguka ndiyo iliyokuwa ikilipia utafiti kuhusu muguka. Shika hapo, nitarudi.

Pendekezo lake la utafiti lilirudishwa mara tatu. Mara ya tatu msimamizi wake aliandika kwa wino mwekundu pambizoni mwa sura ya mbinu maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu yeye aliyasoma kwa sauti mara nyingi mno: "Umetusimulia magazeti. Uchanganuzi uko wapi?" Hakuongeza neno. Katika masomo yake yote mbinu hiyo ilikuwa imegusiwa kwa kipindi kimoja cha alasiri, na mhadhiri aliharakisha kwa kuwa umeme ulikuwa umepotea. Basi ikambidi ajifunze mwenyewe, usiku, watoto wakiisha kulala.

Mbinu yenyewe huitwa uchanganuzi wa maudhui, na ule aliouhitaji ni wa kithamano, yaani unaotafuta maana kuliko idadi. Ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Huko Uswidi, katika karne ya 18, kilitokea kitabu cha tenzi 90 za dini kilichowatia wasiwasi viongozi wa kanisa la taifa, kwa kuwa waliona kwamba kinawapotosha waumini. Wasomi wakakaa chini, wakahesabu alama za imani zilizomo katika tenzi hizo, wakazilinganisha na zile za kitabu rasmi cha kanisa. Hawakupata tofauti kubwa. Wapinzani wakajibu kwamba maneno ni yale yale, ila yanatumiwa kwa maana nyingine. Ugomvi huo haujaisha hadi leo, umebadilisha tu nguo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wachambuzi wa nchi Washirika walikuwa wakisikiliza redio za Ujerumani na kusoma hotuba za Joseph Goebbels. Goebbels alikuwa akiwaahidi watu wake silaha ya kulipiza kisasi. Wachambuzi walipima jinsi ahadi ile ilivyotolewa, ni lini ilitiliwa mkazo na ni lini ilinyamaziwa, wakakisia kama silaha iko na itakuwa tayari lini. Mabomu ya V-1 yalianza kuanguka London Juni 1944. Baada ya vita, Alexander George aliyalinganisha makisio ya wachambuzi hao na nyaraka za Wajerumani wenyewe, akatoa kitabu mwaka 1959. Mengi yalikuwa yamelenga. Shemeji aliponisimulia kisa hicho nilimwambia kwamba sasa naelewa kwa nini wakubwa wengine hunyamaza waandishi wa habari wanapowapigia simu.

Mwaka 1952 Mmarekani Bernard Berelson aliandika kwamba uchanganuzi wa maudhui ni kazi ya kupima kwa idadi yale yanayoonekana wazi katika maandishi. Mwaka huo huo Siegfried Kracauer, mzaliwa wa Frankfurt aliyewatoroka Wanazi na hatimaye kufika New York, alimpinga. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba ukiikatakata habari vipande na kuvihesabu, unaweza kuua kile kilichoifanya iwe na maana.

Shemeji yangu alimwelewa Kracauer kwa neno moja tu la Kiswahili: dawa. Hebu jaribu mwenyewe. Iagize kompyuta ihesabu neno "dawa" katika habari za muguka. Itakuletea dawa za kulevya, na dawa za hospitali, na dawa ambazo mkulima hunyunyizia wadudu shambani, zote zikiwa kikapu kimoja. Namba itakuwa sahihi kabisa na itakudanganya kabisa. Kinyume chake, habari nyingine inaweza kuilaani muguka tangu mwanzo hadi mwisho bila kulitumia neno hilo hata mara moja.

Basi hufanywaje? Nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, kwa sababu najua kuna wanafunzi wanaosoma kurasa hizi na huenda nao wana wino mwekundu nyumbani.

Kwanza unaamua unasoma nini na unaacha nini. Magazeti gani, miaka gani, je, barua za wasomaji zimo au hazimo? Kisha unaamua kipimo chako: je, unaipa habari nzima alama moja, au kila aya, au kila sentensi? Halafu unatengeneza makundi ya maana, ambayo wataalamu huyaita kategoria. Hapo njia huachana. Mwaka 2005 Hsiu-Fang Hsieh na Sarah Shannon walizieleza njia tatu. Waweza kuyaacha makundi yazaliwe na maandishi yenyewe unapoyasoma. Waweza kuingia na makundi yaliyotokana na nadharia iliyokwisha kuwako. Au waweza kuanza na maneno fulani, ukayahesabu, kisha ukatafuta yanatumiwa kwa maana gani. Mjerumani Philipp Mayring, ambaye kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1983, ndiye aliyemwokoa shemeji, maana ana utaratibu kama wa fundi. Kila kategoria iwe na maelezo yake, iwe na mfano halisi kutoka kwenye maandishi, na iwe na kanuni ya kuitenga na jirani yake. Ukiisha kupitia sehemu ya maandishi, rudi nyuma uzikague kategoria zako upya kabla ya kuendelea.

Kuna programu za kompyuta za kazi hii, kama vile NVivo na ATLAS.ti, lakini hununuliwa, na bei zake si za mwalimu anayepanga vyumba viwili Dallas. Yeye alinunua kalamu za rangi. Kijani ilikuwa riziki, nyekundu afya, samawati sheria, manjano mila, na waridi ilikuwa siasa. Nakala za magazeti zilikaa chini ya kitanda, zimefungwa kwa kamba za katani mwaka baada ya mwaka, na mtoto wake wa pili alijua kwamba ukigusa hizo utalala bila hadithi.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mbinu hii haimwamini msomaji mmoja. Lazima apatikane mtu wa pili, apewe mwongozo ule ule na habari zile zile, asome peke yake, kisha majibu yalinganishwe. Jumamosi moja nilipompeleka mke wangu kumwona ndugu yake, niliwekewa chai, nikawekewa nakala 30 na kalamu tano. "Shemeji, wewe ni mtu wa magazeti. Nisomee hizi, na usiniulize kitu." Alikuwa amekwisha kuondoa kila habari yenye jina langu, maana hakutaka nijipe alama mwenyewe.

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Niliinuka jua likitua.

Tulipolinganisha, tuliafikiana katika habari 19 kati ya 30. Nikasema si haba. Akatikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo ningependa kila mhariri alijue. Tuseme wasomaji wawili wanapewa habari 100 na kila mmoja aseme tu kama inaunga mkono au inapinga. Hata wakirusha shilingi juu badala ya kusoma, wataafikiana katika habari karibu 50. Kwa hiyo wakiafikiana katika 80, hamsini za kwanza ni za bahati. Waliyoyapata kwa akili yao ni 30 kati ya 50 zilizobaki, yaani 0.6. Hesabu hii ilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960 na huitwa kapa. Sisi, pamoja na majigambo yangu, tulipata 0.51.

Tukazikalia zile 11 zilizotugawa, na hapo ndipo niliposoma kuliko nilivyosoma chuoni. Nitakupa mfano niliojitungia, ili nisimnyoshee kidole mwenzangu wa gazeti lolote. Chukua sentensi ya aina hii: "Vijana wanaangamia huku wakulima wakihesabu noti." Mimi niliitia kijani, kwa kuwa inataja pesa za mkulima. Yeye aliitia nyekundu, kwa kuwa hizo noti hazikuwekwa pale kueleza riziki, zimewekwa ili mkulima aonekane mkosaji. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe aliigawa kategoria ya riziki mara mbili: riziki kama haki, na riziki kama shutuma. Kijani ikapata kijani kibichi na kijani iliyokolea, na akatumwa mtoto dukani kununua kalamu nyingine.

Jambo la pili nililileta mimi. Katika habari kadhaa kichwa kilikuwa kikali na habari yenyewe ilikuwa poa, na hatukuafikiana tuitie rangi gani. Nikamweleza jinsi mambo yalivyo katika chumba cha habari: mwandishi aliyekwenda shambani aghalabu siye anayeandika kichwa. Kichwa huandikwa na mhariri mezani usiku, akipimana na nafasi aliyoachiwa na matangazo. Alinitazama kama mtu aliyefichwa siri ya familia. Tangu siku hiyo kichwa na habari vilipimwa mbalimbali katika mwongozo wake, na msimamizi wake wa wino mwekundu, kwa mara ya kwanza, akaandika "vyema".

Tulirudia na habari nyingine 30 baada ya majuma matatu. Tuliafikiana katika 25, na kapa ikapanda hadi 0.78.

Sasa nirudi kwa baba mkwe, kama nilivyoahidi. Mei 2024, marufuku yalipotangazwa, magari ya kwenda pwani yalirudi na mizigo au hayakutoka kabisa. Mzee alikuwa na muguka iliyochumwa na isiyo na pa kwenda, na karo ya muhula ilikuwa haijalipwa. Binti yake naye, kwa shauri la msimamizi, alikuwa ameurefusha utafiti hadi mwaka huo huo ili tukio hilo liingie. Asubuhi alikuwa akisoma habari ya marufuku na kuitia rangi. Jioni alikuwa akipigiwa simu na baba yake aulizwe kama chuo kitamvumilia. Kilimvumilia muhula mmoja, kwa barua yenye baridi.

Mzee alikuja Dallas siku moja akalikuta rundo. Akauliza, "Haya magazeti yote yanasemaje juu yetu?" Binti akamjibu kwamba bado hajamaliza. Mzee akasema, "Utasema ukweli, lakini kumbuka uliyesomeshwa na nini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenziwe alipoweka jembe.

Je, mtu kama huyo anaweza kuuchanganua mjadala wa muguka bila kupendelea? Nilimwuliza swali hilo waziwazi, maana wazamifu wenziwe walikuwa wakimwuliza kwa mafumbo. Jibu lake lilikuwa kwamba katika utafiti wa kithamano mtafiti hatakiwi kujifanya hana kwao. Anatakiwa aandike kwao ni wapi, mapema, katika sura ya mbinu, ili anayesoma ampime. Ana daftari ambamo kila siku huandika alivyojisikia aliposoma habari fulani. Alinionyesha ukurasa mmoja. Aliandika kwamba alisoma maneno ya mama mmoja wa pwani kuhusu mwanawe, akaiweka kalamu chini, akampikia mtoto wake uji, na kwamba siku hiyo hakusoma tena. Chini yake alikuwa ameongeza kategoria mpya: ni nani amepewa nafasi ya kusema? Gavana, daktari, mkulima, mchuuzi, mtafunaji, mke wa mtafunaji? Ukihesabu waliosema bila kuwaorodhesha kwanza waliopaswa kusema, walionyamazishwa hutawaona kamwe.

Niliwahi kumpendekezea aipe akili unde kazi hiyo, maana wanafunzi wengi siku hizi huibwagia maandishi na kungoja jibu. Alikuwa amekwisha kuijaribu kwa habari kumi. Ilimpa majibu kwa ufasaha mkubwa, na kesho yake, kwa habari zile zile, ikampa majibu mengine kwa ufasaha ule ule. Akasema msomaji wa pili wa namna hiyo anaye tayari, na anahitaji chai. Nadhani alinisema mimi.

Matokeo yake siwezi kukupa, msomaji, kwa kuwa tasnifu haijatetewa na si yangu. Amemaliza kuzitia rangi habari za mwaka 2013 hadi 2023. Za mwaka 2024 bado zimefungwa kwa kamba chini ya kitanda. Alikuwa ameniomba nizisome kama kawaida, kisha akabadili nia: mimi nimeoa kwao, nimekula muguka kwa njia ya karo na mahari, na wawili wenye mkwe mmoja wakiafikiana hata kwa 0.9 haitakuwa ajabu. Amempata mwalimu wa Likoni, mama mwenye watoto wa kiume watatu, ambaye wanafahamiana kwa simu tu. Mwongozo umekwisha kumfikia kwa basi, pamoja na kalamu sita. Juma lililopita mwalimu huyo alipiga simu kuuliza kijani iliyokolea ni ya nini.

Walizungumza dakika arobaini. Sijui walikubaliana nini, kwa kuwa nilikuwa nimefukuzwa chumbani.